Florini Haikukosea

Usiku wa pili wa matanga ya nyanya yetu, nje kidogo ya mji wa Kakamega, tulikuwa tumeketi kuuzunguka moto uani. Wazee walishachoka kuimba. Mpwa wangu wa Kidato cha Nne, aliyekuja na mamake kutoka Njoro, alikuwa amejikunja kwenye mkeka, tochi ya simu mkononi na karatasi za marudio magotini. Akanisogezea moja. Swali lilisema kwamba afiniti ya elektroni hupungua kadiri unavyoshuka kwenye kundi, yaani safu wima moja ya jedwali la elementi, kisha likauliza kwa nini ya florini ni ndogo kuliko ya klorini iliyo chini yake. Jibu lililochapishwa nyuma lilikuwa na maneno manne tu: florini haifuati kanuni hii.

"Mjomba, hili ni jibu?"

Si jibu. Ni swali lilelile limegeuzwa likawa sentensi. Tena linamdhulumu mwanafunzi, kwa sababu mahali kanuni inapoonekana kuvunjika ndipo atomu inapotuonyesha inavyofanya kazi. Tulikaa na swali hilo hadi kuni zikaisha, na ningependa kulieleza hapa jinsi tulivyolieleza pale.

Tuanze na maana yenyewe. Chukua atomu moja iliyo peke yake hewani, haijaungana na nyingine yoyote, haina chaji. Ipe elektroni moja. Ikiipokea na kuishika, nishati fulani hutoka. Kiasi cha nishati hiyo ndicho afiniti ya elektroni. Kwa klorini ni kilojuli 349 kwa kila moli, kipimo ambacho wanakemia huhesabia atomu, na moli moja ya atomu za klorini ni gramu 35.5 tu. Nishati ya kiasi hicho ingetosha kuchemsha lita moja ya maji ya chai.

Hapo ndipo wengi huanguka kwa sababu ya alama tu. Kitabu kimoja kinaandika 349, kingine kinaandika −349, na mwanafunzi anadhani vitabu vinabishana. Havibishani. Ukiuza kuku kwa shilingi 800, wewe umeingiza 800 na mnunuzi ametoa 800, ilhali kuku ni mmoja na mauzo ni yaleyale. Kitabu cha kwanza kinahesabu nishati iliyotolewa, cha pili kinahesabu atomu na elektroni yake zimebaki zikiwa zimepungukiwa na kiasi gani. Kabla ya kusema "kubwa" au "ndogo", angalia kitabu chako kinahesabu upande gani. Mimi hapa nahesabu nishati iliyotoka: namba ikiwa kubwa, atomu imeipokea elektroni kwa nguvu zaidi.

Sasa moto. Kiini cha atomu ni moto wetu pale uani, na kila protoni ni kuni moja. Elektroni ni watu wanaouota. Mtu huvutwa na joto, lakini mambo mawili humharibia. La kwanza, walioketi mbele yake wanalikinga joto lisimfikie. La pili, walioketi karibu naye wanamsukuma kwa viwiko, maana elektroni zote zina chaji hasi na hazipendani. Afiniti ya elektroni ni mizani ya hayo: mgeni anayekuja usiku akitafuta pa kuketi, moto utamvuta kiasi gani baada ya kukingwa na kusukumwa?

Nikamwambia mpwa wangu apange viti vya mstari wa pili wa jedwali, ule unaoanza na lithiamu na kuishia neoni. Karibu kabisa na moto wameketi watu wawili ambao hawaondoki. Nyuma yao kuna benchi fupi la watu wawili. Nyuma ya benchi, mbali kidogo tu, kuna mikeka mitatu, kila mkeka unatosha wawili. Kila ukipiga hatua kwenda kulia, unaongeza kuni moja na mtu mmoja. Kwa kuwa mduara ni uleule na moto unazidi, ungetarajia mgeni apokewe vizuri zaidi kila hatua. Ndivyo kanuni ya vitabuni inavyosema, na kwa jumla ni kweli. Lakini tazama njia yenyewe ilivyo na mabonde.

Lithiamu ina mtu mmoja kwenye benchi, kwa hiyo mgeni ana nafasi pale: kilojuli 60. Beriliamu benchi limejaa. Mgeni analazimika kwenda nyuma, kwenye mkeka, akiwa amekingwa na waliotangulia, na moto wa kuni nne haumfikii vya kutosha. Hapokelewi kabisa. Ukiisukumia elektroni kwa nguvu, itaitema. Boroni tayari ina mtu mmoja mkekani, mgeni anachukua mkeka mwingine mtupu: 27. Kaboni ina kuni sita na bado mkeka mmoja hauna mtu: 122. Kisha nitrojeni. Kuni ni saba, lakini kila mkeka una mtu mmoja aliyejinyoosha. Mgeni lazima abanane na mmoja wao. Moto umeongezeka, ndiyo, ila msukumano wa kubanana unaumeza wote, na nitrojeni haimpokei mgeni. Oksijeni nayo inamlazimisha abanane, lakini kuni nane zinashinda viwiko: 141. Florini ina kuni tisa na imebaki nafasi moja tu katika mduara mzima: 328. Neoni imejaa. Mgeni wa neoni angelazimika kuanza mduara mpya nyuma ya kila mtu, gizani. Hapati kitu.

Kwa hiyo ukisikia "afiniti huongezeka kuelekea kulia", usipige picha ya ngazi. Piga picha ya njia ya kutoka Kisumu kwenda Kakamega: mwishowe umepanda, lakini katikati kuna mahali gari liliteremka. Na mahali pa kuteremka hapakutokea ovyo. Ni pale benchi lilipojaa, na pale kila mkeka ulipopata mtu wake mmoja. Shuka mstari mmoja uone mabonde hayohayo: magnesiamu haipokei, fosforasi ni 72 wakati silikoni iliyo kushotoni mwake ni 134, agoni haipokei.

Mpwa wangu aliyafuata hayo kwa kidole kwenye jedwali, kisha akarudi palepale. "Sawa. Na florini?"

Kanuni ya kushuka kwenye kundi inasema hivi: kadiri unavyoshuka, mduara unakuwa mpana, mgeni anaketi mbali zaidi na moto, waliomkinga ni wengi, kwa hiyo afiniti inapungua. Kundi la kwanza linaitii kwa adabu: lithiamu 60, sodiamu 53, potasiamu 48, rubidiamu 47, sesiamu 46. Kundi la klorini nalo linaitii kuanzia klorini: 349, bromini 325, iodini 295. Hata astatini, elementi adimu na yenye mionzi ambayo afiniti yake ilipimwa mwaka 2020 tu katika maabara ya utafiti wa fizikia ya CERN, ilikutwa na kama 233, imekaa mahali pake kwenye foleni. Florini peke yake, yenye 328, ndiyo inayoonekana imekaa vibaya.

Nikamwomba aache kuitazama florini peke yake, atazame majirani zake wote kwenye mstari wa pili pamoja na walio chini yao. Akaziandika nyuma ya karatasi, tukazisoma kwa sauti. Boroni 27, alumini iliyo chini yake 42. Kaboni 122, silikoni 134. Nitrojeni hakuna, fosforasi 72. Oksijeni 141, salfa 200. Florini 328, klorini 349.

Tano kwa tano. Kila elementi ya mstari wa pili yenye watu mikekani na bado ina nafasi inazidiwa na iliyo chini yake. Florini haikukosea wala si mkaidi wa ukoo. Mstari wake wote unafanya vilevile, na sababu ni moja: mduara huo ni mdogo mno. Mgeni anaketi karibu na moto, ni kweli, joto ni kali, lakini magoti yanagongana. Florini ina watu saba waliobanana kwenye duara finyu, na wa nane anapoingia anasukumwa pande zote. Klorini duara lake ni pana zaidi. Moto uko mbali kidogo, lakini mtu anakunja miguu bila kumpiga teke mwenzake. Ukijumlisha mvuto na kutoa msukumo, klorini inabaki na salio kubwa zaidi. Ukizidi kushuka hadi bromini, nafasi ya magoti haikuwa tatizo tena, kilichobaki ni umbali kutoka motoni, na ndiyo maana kuanzia hapo namba zinapungua kwa utaratibu.

Mimi naona jambo hili lingefundishwa kwa mpangilio huo, jozi tano ubaoni, kabla ya neno "kanuni" kutajwa. Mwanafunzi angejionea mwenyewe. Badala yake tunampa kanuni ya mstari mmoja, halafu tunamwomba akariri anayeivunja.

Lakini yeye hakuridhika, na alikuwa na haki. Kama klorini inaipokea elektroni kwa nguvu kuliko florini, mbona kila kitabu kinasema florini ndiyo kali zaidi kuliko zote?

Kwa sababu afiniti inaongea juu ya atomu iliyo peke yake, na florini haikai peke yake. Gesi ya florini ni atomu mbili zilizoshikana, kama ilivyo klorini. Kabla ya kupokea elektroni lazima kwanza uzitenganishe. Kuvunja moli moja ya jozi za klorini hugharimu kama kilojuli 243, yaani karibu 121 kwa kila moli ya atomu. Jozi za florini huvunjika kwa 159, karibu 79 kwa moli ya atomu. Toa gharama hiyo kwenye mapato. Klorini: 349 toa 121, inabaki 228. Florini: 328 toa 79, inabaki 249. Florini imeshapita mbele. Na kilichoufanya mshikamano wa florini uwe dhaifu hivyo ni msongamano uleule: duara mbili finyu zikikaribiana, viwiko vya huku vinagonga viwiko vya kule. Kasoro iliyoipunguzia pointi kwenye afiniti ndiyo hiyohiyo inayoirahisishia kuachana na mwenzake ikatafute elektroni. Kisha ioni yake ndogo, yaani atomu iliyokwisha kupokea elektroni na kuwa na chaji, ikiingia majini, maji huikumbatia kwa nguvu: nishati inayotoka ni kama kilojuli 500 kwa moli, wakati ya klorini ni kama 370. Hapo mashindano yamekwisha.

Tusichanganye pia afiniti na elektronegativiti. Afiniti hupimwa: unamulika ioni hasi kwa leza, unaangalia ni mwanga wa nishati gani unaoanza kuing'oa elektroni. Elektronegativiti ni alama tunayoipa atomu kwa jinsi inavyovuta elektroni ikiwa tayari ndani ya kifungo na mwenzake. Mwanakemia Linus Pauling aliipangia vipimo mwaka 1932, na katika vipimo vyake vinavyotumika leo florini ndiyo ya juu kabisa, 3.98, klorini 3.16. Mwanasayansi mwenzake Robert Mulliken, mwaka 1934, alipendekeza njia nyingine, ichukuliwe wastani wa afiniti na nishati ya kuing'oa elektroni ya atomu hiyohiyo. Kwa hiyo ni mambo yanayohusiana, lakini moja ni kipimo na jingine ni hesabu iliyojengwa juu ya vipimo.

Kuna uongo mwingine mdogo ambao wengi wetu tulifundishwa, kwamba chumvi huundwa kwa sababu klorini "inataka" elektroni na sodiamu "inataka" kuitoa. Piga hesabu. Kuing'oa elektroni kwenye sodiamu kunagharimu kilojuli 496. Klorini ikiipokea inarudisha 349. Umepata hasara ya 147. Biashara hiyo peke yake isingefanyika. Kinachoilipia ni ioni hizo kupangana safu kwa safu katika chembe ya chumvi, chanya kando ya hasi, na kutoa karibu 787. Oksijeni ndiyo mfano mkali zaidi. Elektroni ya kwanza inaingia na kutoa 141, lakini ya pili inakuta atomu tayari ina chaji hasi, na kuisukuma ndani kunadai zaidi ya kilojuli 700. Hata hivyo chokaa inayochomwa pale Koru, njia ya Kisumu, ina oksijeni yenye elektroni mbili za ziada, imetulia kabisa, kwa sababu kalisiamu imeizunguka pande zote.

Aliponyamaza nilidhani amelala. Kumbe alikuwa anapitisha ulimi kwenye meno. Mpwa wangu ana meno yenye madoa ya kahawia, kama watoto wengi waliokulia Njoro na sehemu nyingine za Nakuru wakinywa maji ya visima. Tangu alipoanza shule ya upili huwa anafunika mdomo akicheka, na jambo hilo huniuma. Akauliza polepole kama floraidi ya kwenye maji ya kwao ndiyo hii florini tuliyokuwa tukiisema, na kama ni kali hivyo, mbona haikumchoma?

Ni atomu ileile, lakini imeshashiba. Florini kama gesi inanyang'anya elektroni kwa karibu kila kitu inachogusa. Floraidi ni florini iliyokwisha kupata elektroni yake, mkeka wa mwisho umejaa, haina tena sababu ya kumwendea mtu. Miamba ya volkano ya Bonde la Ufa inaiachilia taratibu ndani ya maji ya chini ya ardhi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya Nakuru vinapita hapo mbali. Jino la mtoto likiwa bado linajengwa ndani ya ufizi, floraidi nyingi huvuruga ujenzi wa gamba lake la nje, na madoa hutokea nalo. Si uchafu. Hakukosea kupiga mswaki. Nilimwambia hivyo mara mbili.

Kuchemsha maji hakusaidii, maana mvuke unakwenda na floraidi inabaki, tena imekolea zaidi. Kinachosaidia ni mkaa wa mifupa: mifupa ya ng'ombe iliyochomwa kwa joto kali, kazi ambayo Kanisa Katoliki Jimbo la Nakuru limeifanya kwa miaka mingi. Madini ya mfupa yana nafasi ambazo floraidi, kwa sababu ni ndogo, inaingia na kushikwa. Udogo uleule wa duara tulioutaja tangu mwanzo ndio unaofanya ichujike kwa mfupa.

Asubuhi tulienda mtoni kuleta maji ya kuoshea sufuria za matanga. Kakamega watu walikimbilia dhahabu miaka ya 1930, mgodi wa Rosterman ulifungwa miongo mingi iliyopita, lakini vijana bado wanachekecha mchanga wa vijito. Mmoja alikuwa amechuchumaa na karai, kwenye mchanga mweusi uliobaki chini akadondosha zebaki, akawa anaizungusha kwa kidole kitupu hadi punje za njano zikamezwa ndani ya tone moja zito la rangi ya fedha. Baadaye ataichoma kwenye kopo ili zebaki ipae na dhahabu ibaki, na moshi huo atauvuta yeye na yeyote aliye karibu, nao huharibu mishipa ya fahamu. Nilimwambia, akanijibu kwa upole kwamba anajua.

Mpwa wangu alikuwa bado na jedwali kichwani. Dhahabu ni namba 79, zebaki ni 80, zimekaa bega kwa bega. Nikampa namba moja: dhahabu ina afiniti ya kilojuli 223. Ni zaidi ya salfa, zaidi ya oksijeni, mara kama moja na robo tatu ya ile ya fedha, ambayo ni 126. Metali! Kiini chenye protoni 79 kinazikimbiza elektroni za ndani zaidi ya nusu ya kasi ya mwanga, na kwa mwendo huo benchi hujivuta karibu na moto, hata lile la nje kabisa. Benchi hilo la nje lina mtu mmoja, limesogea motoni, lina nafasi ya mwingine. Ndiyo sababu dhahabu ikikutanishwa na sesiamu huchukua elektroni yake na kuwa ioni hasi, kama klorini ndani ya chumvi, na kinachopatikana hakina tena tabia ya metali.

"Na zebaki?" nikamuuliza. "Ina kuni moja zaidi."

Akalitazama lile tone likizunguka kwenye karai. "Haipokei," akasema. "Benchi lake limejaa."